Daftari la fundi wangu wa Majengo na kilo zilizorudi: unene ni ugonjwa wa kudumu, tuujadili

#1 Mtumba Asubuhi

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, atatukuta.

Nina fundi wangu wa nguo pale Majengo, jirani na soko, tangu nihamie Dodoma mwaka 2017 na lile wimbi la watumishi tulioifuata serikali kutoka Dar. Ni mzee wa Kirangi, maneno machache. Vipimo vyote anaviandika kwenye daftari kubwa ambalo kurasa zake zimelainika kwa mafuta ya cherehani. Mwezi uliopita nilimpelekea kitenge cha harusi ya mdogo wangu. Kabla hajashika futi akafungua daftari, akatafuta jina langu, akaguna. Nikamwambia, mzee, lete nami nione. Kila safari ina mstari wake, wino tofauti, mwandiko uleule. Kiuno 32. Kiuno 35. Kiuno 40. Kiuno 34. Kiuno 42.

Katika hospitali zote nilizowahi kwenda, hakuna iliyonitunzia kumbukumbu namna ile.

Hiyo 34 ndiyo iliyonileta hapa. Mwaka 2022 nilipungua kilo 19 kwa miezi saba, kutoka 98 hadi 79. Jimu saa kumi na moja alfajiri, ugali nikawa nauona kwa wenzangu tu, matango mpaka nikaota matango. Ofisini walinisifia hadi watu tusiosalimiana. Halafu kilo zikaanza kurudi. Naomba mnielewe hapa: sikuamka siku moja nikamaliza mbuzi. Nilikuwa bado natembea, bado sigusi soda. Ila njaa iliyonijia haikuwa njaa ninayoijua. Nimeshiba, nimeosha vyombo, saa nne usiku jirani anageuza mishkaki yake, na mimi niko jikoni nakwangua ukoko wa wali wa watoto kwa kijiko, taa imezimwa, kama mwizi ndani ya nyumba yangu. Kufika 2024 nilikuwa na kilo 103. Urefu wangu ni mita 1.62. Chukua 103 gawa kwa 1.62, jibu ligawe tena kwa 1.62, unapata 39. Kuanzia 30 ndipo wataalamu wanapouita unene uliopitiliza. Kitaalamu zaidi wanauita kiribatumbo. Jina lenyewe kama tusi, sijui walikaa kikao gani wakalipitisha.

Walewale walionisifia wakaanza kusema nimejiachia. Nikaenda hospitali moja, sitaitaja. Mkanda wa presha ulikuwa mdogo, kila ukijaa upepo unafunguka mkononi, krraa. Muuguzi akacheka, akaniambia "mkono huu mama ni wa Tyson". Daktari hakuinua hata macho kutoka kwenye karatasi: "Funga mdomo." Basi. Hayo ndiyo matibabu niliyolipia.

Safari iliyofuata nilikutana na daktari mwingine, kijana tu. Huyo aliuliza mambo ambayo sikuwahi kuulizwa. Uzito wako mkubwa kabisa ulikuwa ngapi? Mdogo kabisa tangu ukue? Ulipopungua ulikaa hapo muda gani? Nyumbani kwenu nani mwingine mnene? Unalala saa ngapi, unakoroma? Unatumia dawa gani, sindano gani ya uzazi wa mpango? Akaniuliza kama wazazi wangu wana maradhi. Nikamwambia mama yuko Kondoa, ana presha, alikuwa anameza amlodipini, ikashuka hadi 130 kwa 80, akaona amepona, akaacha. Baada ya miezi miwili ilikuwa 180 kwa 110.

Akaniuliza: "Presha ilivyopanda, mlimwambia mama amekosa nidhamu?"

Nikabaki namtazama. Tulimrudisha kwenye dawa tu, nani angemsema? Akaniambia, na hizi kilo zako zimerudi kwa mtindo huohuo. Ubongo una hesabu ya mafuta yaliyomo mwilini na unailinda. Ukipungua, wenyewe haukupi hongera, wenyewe unadhani njaa imeingia nchini. Unaongeza hamu ya kula, unabana matumizi, unasubiri. Wewe ulidhani umemaliza, kumbe ule ugonjwa ulikuwa unajipanga.

Sasa niko naye mwezi wa nane. Nina dawa ya presha, nina mtaalamu wa lishe aliyenipa kijiko. Narudia, kijiko. Mafuta ya alizeti nilikuwa namimina kwa macho, ya Singida yale, matamu. Kumbe kijiko kimoja cha chakula ni kama kalori 120, na mimi kwenye mboga ya watu watano nilikuwa namwaga vijiko kumi na viwili. Niko kilo 95. Ameniambia waziwazi kwamba sitahitimu, hakuna mahafali.

Nawasilisha. Matusi pelekeni jukwaa la siasa.

#2 Siti ya Dirishani

Nimeweka kambi hapa na chipsi mayai yangu. Msinihukumu, nilikuwa nimeshaagiza kabla sijausoma uzi.

#3 Kijana wa Majaruba

Dada pole, ila mimi nitasema bila kupaka mafuta, ya alizeti wala ya nini. Unene kuwa ugonjwa ni maneno ya wenye ofisi zenye viyoyozi. Njoo huku Bahi kwenye mpunga, nionyeshe bonge mmoja anayeshinda amejikunja jarubani. Nyie mmehama Dar mkaja kukaa. Asubuhi gari la ofisi, mchana kiti, jioni kiti kingine chenye bia pembeni. Ugonjwa wenu ni kiti. Malaria inakufuata umelala. Unene unaufuata mwenyewe na sahani mkononi.

#4 Mtumba Asubuhi

Kijana wa Majaruba, kwenye kiti umenipiga, nakubali. Toka ofisini Mtumba, kwenye mji wa serikali, hadi nyumbani naweza kukaa saa kumi bila kutembea hatua mia tano.

Lakini nina shangazi Chamwino, analima uwele na karanga kwa jembe la mkono, hana kiyoyozi, hana hata umeme. Uzito wake unakaribia 110. Mtoto wa mwisho wa mama yangu, huyohuyo anayeolewa, tumelelewa chungu kimoja, anakula kunizidi mimi, na suketi za sekondari bado zinamwenea. Yule ana nidhamu gani kunishinda? Kitandani anatoka saa nne.

Daktari alinipa mfano mmoja nikaenda kuusoma mwenyewe. Mwaka 1986 watafiti walichukua Wadenmaki 540 waliolelewa na wazazi wa kuasili tangu wadogo. Wakalinganisha unene wao na wa wazazi waliowalea, wakaulinganisha na wa wazazi waliowazaa. Walifanana na waliowazaa. Chungu walichokulia hakikuonyesha uhusiano wowote. Sasa wewe niambie, mtoto aliyeondolewa kwa mama yake mchanga alijifunzia wapi uvivu wa mama huyo?

#5 Muuguzi wa Zamu

Nimetoka zamu ya usiku, mnisamehe nikiandika kwa mafungu.

Kwanza, mleta uzi, pole kwa ule mkanda. Wenzangu tuliomo humu tujifunze: mkanda mdogo kwenye mkono mnene unadanganya, unasoma presha juu kuliko ilivyo. Kuna mtu anameza vidonge leo kwa sababu kituo kina mkanda wa saizi moja.

Kuhusu kuitwa ugonjwa, hili halikuanza na wenye viyoyozi vya Mtumba. WHO ilikaa na wataalamu mwaka 1997 ikasema unene ni ugonjwa sugu. Chama cha madaktari cha Marekani kikafuata Juni 2013. Na kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la kumi, una namba yake, E66, miaka mingi tu.

Kwa nini ugonjwa? Mafuta tuliyafikiria kama gunia la akiba, limekaa kona haliongei. Mwaka 1994 timu ya Jeffrey Friedman kule New York ikagundua homoni inayotoka ndani ya mafuta yenyewe, inaitwa leptini. Kazi yake ni kuupa ubongo taarifa: ghala limejaa, au ghala linapungua. Ukikonda, leptini inashuka, ubongo unapiga kengele. Mwaka 1999 Wajapani wakaipata nyingine, ghrelini, inatoka tumboni. Hiyo ndiyo inayopanda kabla ya kula na kukuita jikoni.

Sasa hii ndiyo inayomhusu mleta uzi na ukoko wake. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha habari za watu 50 waliofungishwa kwa chakula kidogo sana wiki kumi. Wakapungua kama kilo 13 hivi. Wakapimwa homoni mwanzo, mwisho wa wiki kumi, na tena mwaka mmoja baadaye. Mwaka umepita, kilo zimeanza kurudi, na bado homoni za njaa zilikuwa juu na za shibe ziko chini kuliko siku ya kwanza. Mwaka mzima dada. Yule aliyesimama jikoni gizani alikuwa anasukumwa na damu yake mwenyewe.

Halafu kuna wale washindani wa kipindi cha televisheni cha Marekani cha kupungua uzito, 14 walifuatiliwa miaka sita. Mwaka 2016 ikaonekana wengi wamerudi, na miili yao ilikuwa inachoma karibu kalori 500 kwa siku pungufu ya inavyotarajiwa kwa mtu wa uzito wao. Yaani wakila sawa na jirani mwenye kilo zilezile, wao wananenepa.

Kijana wa Majaruba hajakosea kila kitu. Jeni hazijabadilika tangu mwaka 1990, kilichobadilika ni chakula na kiti. Jeni ni mbegu tu, bila mvua haioti. Ila mvua ikinyesha kijiji kizima, wapo wanaovuna kilo mbili na wapo wanaovuna hamsini. Na mvua inanyesha kweli: utafiti wa taifa wa afya na demografia wa 2010 ulikuta asilimia 22 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamezidi uzito au ni wanene, ule wa 2015/16 ukakuta 28. Mbegu haiwezi kubadilika kwa miaka mitano.

Nikaoge.

#6 Mzee wa Kongwa

Mimi ni mtu mzima, mjukuu ndiye anayeandika.

Nyie mnashangaa mwili kuogopa njaa. Bibi yangu aliiona Mtunya. Vijana mmeisikia? Njaa ya Ugogo ya 1917 kwenda 1920. Majeshi ya Mjerumani yalipita, ya Mwingereza yakapita, yakakomba ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikagoma. Bibi alikuwa binti mdogo. Hadi anazeeka, ukiacha ugali kwenye sahani anakuangalia kama umemtukana mtu. Na alipokuwa anatafuta mchumba kwa ajili ya baba yangu alitazama mikono na shingo. Mwanamke mwembamba aliulizwa kama anaumwa. Mnene ni kihenge kilichojaa.

Kwa hiyo binti wa Mtumba, waliokuambia miaka ile umenenepa walikuwa wanakusifu. Ndio hao hao leo wanakusema. Watu wamebadilika kuliko kiuno chako.

Swali langu: mlenda na ugali wa uwele vinatibu hiki kitu? Maana sisi ndio tumekula maisha yote na mke wangu bado magoti yamekwisha kwa uzito.

#7 Muuguzi wa Zamu

Shikamoo mzee wangu. Simulizi hiyo ihifadhiwe.

Uwele ni mzuri, una nyuzinyuzi, shibe yake inakaa kuliko ya sembe. Mlenda vilevile. Ila hakuna chakula kinachotibu. Ugali wa uwele ukipanda kama kichuguu cha mchwa, bado ni kichuguu. Na magoti ya mkeo asiyaachie hivihivi aseme ni uzee. Akipungua kilo tano tu yatamshukuru.

Hiyo ya Mtunya imenikumbusha Waholanzi. Walipata njaa kali majira ya baridi ya 1944 kuamkia 1945, vita vikiwa vinaisha. Baadaye wakaangaliwa vijana 300,000 waliopimwa kuingia jeshini wakiwa na miaka 19. Wale ambao njaa iliwakuta tumboni katika miezi ya mwanzo ya ujauzito, unene ulikuwa mwingi zaidi kwao. Sisemi Mtunya ilifanya hivyo Ugogo. Nasema mwili unaanza kuweka kumbukumbu mapema kuliko daftari la fundi.

#8 Tumbo Flati Dom

Habari njema! Chai ya asili ya kuondoa kitambi ndani ya siku 14, haina kemikali, tunakuletea ulipo Dodoma mjini, Singida tunatuma kwa basi. Njoo faragha kwa bei ya ofa.

#9 Muuguzi wa Zamu

Nimeingia na taulo kujibu hili. Nyingi ya hizo chai zina majani ya sena, yaani dawa ya kuharisha. Mizani inashuka kwa sababu maji na choo vimetoka, mafuta yapo palepale yanakuangalia. Weka namba ya usajili ya TMDA, wale wa mamlaka ya dawa, hapa hadharani, tutakuja wenyewe bila kuitwa faragha.

#10 Siti ya Dirishani

Kimya tangu jana. Chai imepoa.

#11 Bi Harusi Mstaafu

Mimi nimekuwa nasoma tu, leo niongee. Wa kwangu ulianzia upande wa pili. Mwaka niliofunga ndoa mama mkwe alisema nitaaibisha ukoo, sina mwili. Rafiki akanipeleka duka la vipodozi, sitasema la mtaa gani, nikauziwa vidonge kwenye karatasi ya kaki, vyeupe na vingine vidogo vya bluu. "Vya kuongeza shepu." Nilikunywa miezi mitatu. Mashavu yalijaa kama nimepulizwa, tumbo likaja, hipsi nilizoahidiwa hazikuja. Nalala kama nimepigwa nyundo, nikiamka nakula.

Baadaye hospitali wakaniambia kimojawapo kinaelekea kilikuwa deksamethasoni. Niko na sukari sasa. Miaka sita. Mashavu yalipungua, kilo hazikuondoka zote.

Sijui kama wangu ni ugonjwa au ni adhabu. Naandika ili binti anayeolewa Desemba aione.

#12 Muuguzi wa Zamu

Dada yangu, adhabu ya nini? Ulitaka kupendwa.

Kwa wanaosoma: deksamethasoni ni dawa halali ya kazi kubwa, wodini tunaitumia. Ukinywa kiholela inapandisha sukari na presha, inahamishia mafuta usoni na tumboni. Na ukiwa umeitumia muda mrefu usiikate ghafla kwa hasira baada ya kusoma hapa, mwili unakuwa umesahau kutengeneza ya kwake. Nenda upunguziwe. Zipo na dawa nyingine halali zinazoongeza uzito, baadhi za akili, za kifafa, hata insulini. Ndiyo maana daktari wa mleta uzi aliuliza dawa kabla ya kuuliza chipsi. Hapo nikajua anaijua kazi.

#13 Dereva wa Kanda ya Kati

Mkuu Muuguzi, swali la haraka. Naendesha lori, Dodoma hadi Singida na kurudi. Kilo 121. Mke anasema nakoroma hadi ghafla nanyamaza, yeye anaanza kuhesabu, akifika kumi na tano ananisukuma, ndipo navuta pumzi kama mtu aliyeibuka mtoni. Mimi nikaona anatia chumvi. Wiki iliyopita mchana kweupe, nimelala saa nane nzima, nikapita Manyoni na sikumbuki nilivyopita. Nilishtushwa na matuta. Nikaegesha, nikashuka, nikakaa kwenye kivuli cha lori miguu inatetemeka. Hii nayo ni unene?

#14 Muuguzi wa Zamu

Kaka, hilo si swali la haraka. Mke wako ndiye kipimo bora ulichonacho, msikilize.

Mafuta yanapojaa shingoni na nyuma ya ulimi, ukilala njia ya hewa inaziba. Oksijeni inashuka, ubongo unakuamsha nusu nusu ili uvute, na hukumbuki. Inaweza kutokea makumi ya mara kwa saa. Kwa hiyo ulikuwa kitandani saa nane, hukulala saa nane. Wenye shingo ya shati inchi 17 kwenda juu wajiangalie. Inatibika, ipo mashine ya kusukuma hewa ya kuvaa usiku, na uzito ukishuka inapungua. Nenda hospitali ya rufaa, eleza kama ulivyoeleza hapa, na mke aende naye. Mpaka hapo mpe mwenzio usukani. Tafadhali.

#15 Dereva wa Kanda ya Kati

Inchi 18. Nimeangalia kola sasa hivi. Kesho natakiwa kwenda Singida, nimempigia tajiri.

#16 Mwana Ilazo

Na hizi sindano za kupunguza uzito wanazotangaza mastaa? Si ndio suluhisho, tuchome tumalize?

#17 Mtumba Asubuhi

Mimi situmii, bei imenishinda, ila nilimuuliza daktari hilohilo. Dawa yenyewe, semaglutaidi, ilianza kama ya kisukari. Inaiga homoni ya utumbo inayoujulisha ubongo kwamba umeshiba, na tumbo linachelewa kumwaga chakula. Kwenye jaribio kubwa lililochapishwa 2021, waliochomwa wiki 68 walipungua karibu asilimia 15 ya uzito wao. Mtu wa kilo 100 anabaki na 85.

Sasa neno lako "tumalize" ndilo lenye shida. Waliosimamisha, ndani ya mwaka mmoja walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya walichopunguza. Nilipolisikia hilo nilicheka kwa uchungu, nikamkumbuka mama na amlodipini yake. Desemba 2025 WHO walitoa mwongozo kuhusu hizi sindano, nao wanaziweka kama matibabu ya muda mrefu yanayoambatana na chakula na mazoezi, na si kwa wajawazito. Kichefuchefu na kutapika ni kawaida. Wapo pia wanaowekewa puto tumboni au kufanyiwa upasuaji, hospitali ya Mloganzila kule Dar wanafanya. Kote huko bado unarudi kliniki.

Na usinunue kwenye kurasa za mitandaoni. Sindano inataka baridi, na sindano iliyosafiri kwenye buti la basi kutoka Dar kwa joto la Morogoro sijui tuiite nini.

#18 Kijana wa Majaruba

Nimesoma kote. Ya dereva imenikaa, nina kaka yangu anakoroma hivyohivyo. Ya Wadenmaki nimeshindwa kuijibu, nimeiacha.

Ila soda sirudi nyuma. Nimechukua chupa ya mililita 350 dukani nikasoma nyuma: gramu 10 na ushee kwa kila mililita 100. Zidisha. Ni kama gramu 37, vijiko tisa vya chai. Hapa kwetu miaka ile soda ilikuwa ya Krismasi na mgonjwa. Leo mtoto anaenda nayo shule, na maji ya kunywa bombani hakuna. Huo ugonjwa wenu wa kudumu kuna mtu anauza mbegu yake.

#19 Mtumba Asubuhi

Kijana, hapo tuko timu moja. Presha nayo ina chumvi yake, na bado tunaitibu presha.

#20 Mzee wa Kongwa

Mke wangu amekubali kwenda kupimwa Jumatatu. Amesema akiambiwa afunge mdomo atamtandika daktari fimbo.

#21 Mtumba Asubuhi

Mzee wangu, mpe fimbo ndefu.

Mrejesho, maana mliniuliza faragha. Jana nilikwenda kuchukua gauni. Fundi akanipima upya kabla ya kumalizia, kiuno 39, akaandika chini ya 42, akapuliza wino ukauke. Harusi ni wiki ijayo. Nikalivaa pale nyuma ya pazia, limekaa, nikatoka nijiangalie kwenye kile kioo chake chenye ufa.

Akageuza upindo wa pembeni akanionyesha ndani. Ameacha kitambaa cha ziada, inchi moja na nusu kila upande, kama anavyoacha siku zote ili nguo ikibana aiachie. Akashika mkasi.

"Safari hii nikate? Maana unapungua."

Nilifikiria kidogo. Harusi ya mdogo wangu, watu wote wapo, ndugu wa Kondoa wote. Nikamwambia mzee, acha humohumo. Akaushona upindo, akafunga daftari.